Mtoto Aliyewekwa Mapajani

Jumatatu, 5 Mei

Hili sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio, maana si dhambi yangu na sijui ningelianzia wapi. Philipo si mtoto wa Mama. Ni mtoto wa mama mdogo Scola, ambaye alifariki Philipo akiwa na wiki tatu. Siku ya kumaliza matanga wanawake wa ukoo walimchukua wakamweka mapajani kwa Mama, ambaye bado alikuwa ananinyonyesha mimi, wakasema huyu sasa ni wa Leah. Atakayemwita yatima atatoa mbuzi.

Mimi nililijua nikiwa darasa la tatu. Mwanamke mmoja aligombana na Bibi kisimani kwa ajili ya foleni ya ndoo, likamtoka: "Nenda kalee yatima wako wa Scola." Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya madumu, hakuna aliyeniona. Jioni ile ile yule mama akaleta mbuzi. Hakuna aliyeuliza mbuzi ni wa nini. Philipo alikuwa na miaka saba, akala kuliko watu wazima. Mpaka leo anaikumbuka siku hiyo. "Dada, ile siku tuliyokula mbuzi bila sikukuu," huwa anasema, na mimi huwa naangalia pembeni.

Ninaandika leo kwa sababu Mama ametuma meseji kutoka Kanada. Ombi lake la kutuita limeanza kushughulikiwa. Ametuandika wawili: Eliana na Philipo, watoto wake.

Daftari hili nitalikalia kila mtu akiingia.


Jumatano, 7 Mei

Tumeanza kukata vichwa vya alizeti shamba la juu. Mikono inanata mpaka usiku. Upepo bado haujaanza.


Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa Philipo alivaa masweta mawili na koti la mvua la Bibi, akakaa juani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Najizoeza Kanada."

"Kanada ni baridi, si jasho."

"Najizoeza nguo. Baridi nitajizoeza Julai."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Huwa anamwita Philipo "mume wangu", kama bibi wote hapa Ihanja wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Mume wangu ananiacha anakwenda kwa wazungu," akasema. "Na huyu mke mwenzangu ndiye anayemshika mkono."

Nilicheka nao. Halafu nikaingia ndani kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Mama aliondoka nikiwa na miaka sita na Philipo minne. Alikuwa analea watoto wa familia moja Arusha, wakahama naye. Sasa anatunza wazee huko, na mwaka juzi alipata ukaazi wa kudumu. Baba yangu yuko Tabora na watoto wengine. Karatasi ya kuniruhusu alishaisaini, na alisaini haraka. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nasubiri shule ya kidato cha tano na nasubiri Kanada. Kusubiri viwili kunanifanya nisikae mahali pamoja. Bibi anasema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.


Ijumaa, 16 Mei

Barua imekuja. Mama ameituma kwenye simu, kurasa mbili za Kiingereza. Mjomba Obadia, kaka yake Mama, aliacha mashine yake ya kukamua mafuta akaja kusikiliza. Katika nyumba hii msoma Kiingereza ni mimi. Philipo yuko kidato cha pili lakini akisoma anarukaruka.

Nilisoma kwa sauti, sentensi moja Kiingereza, sentensi moja Kiswahili, na Mjomba akimwekea Bibi Kinyaturu pale alipokunja uso. Majina yetu. Tarehe zetu. Halafu nikafika mahali panaposema kwamba kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilitolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa, ofisi inataka kipimo cha vinasaba cha mama na watoto wote wawili.

Cheti cha Philipo kilitafutwa akiwa darasa la sita. Kwenye mama kimeandikwa Leah. Aliyeenda kukitafuta ni Bibi, na hakuona kwamba anadanganya. Angeandika nani? Alinyonya wapi?

Niliinua macho. Philipo alikuwa mlangoni anakula mahindi ya kukaanga.

"Endelea," Mjomba akasema.

"Wanasema tusubiri maelekezo," nikasema.

Nimesomea lugha mbili na zote mbili ziliniishia mdomoni.


Jumamosi, 17 Mei

Sikulala. Nimekata alizeti mistari yote ya upande wa barabara peke yangu. Bibi ananiangalia.


Jumanne, 20 Mei

Mama alipiga akitoka zamu ya usiku. Kwake asubuhi, kwetu saa kumi jioni. Mtandao unakamata pale kwenye kichuguu tu, kwa hiyo nilisimama juu yake kama bendera.

"Umewasomea kipimo?" akauliza.

"Niliruka, Mama."

Nikasikia gari linapita huko kwake.

"Mimi sikudanganya, Eli. Waliniuliza una watoto wangapi, nikasema wawili. Hata sasa wakiniamsha usingizini nitasema wawili. Nilikuweka wewe ziwa hili, yeye ziwa lile."

"Najua."

Hapo akashtuka. "Unajua nini?"

Nikamwambia kisima, madumu, mbuzi. Mara ya kwanza kumwambia mtu kwa mdomo, na ni kwa simu, juu ya kichuguu, upepo ukiingia kwenye sikio. Mama alilia. Sikuwahi kumsikia analia. Siku zote sauti yake ya simu huwa imepigwa pasi: mmekula, mmesali, mnasoma. Leo ilikuwa sauti ya mtu mwenye viatu vinavyombana.

Akanieleza alichoambiwa na mshauri wake wa mambo ya uhamiaji. Tukienda kupimwa hivi hivi, kipimo kitasema Philipo si wake, na ofisi itaona ametoa maelezo ya uongo. Wanaweza kutukataa wote. Lakini Mama akiandika mwenyewe kabla ya kipimo, aseme ukweli, ombi langu litaendelea, na Philipo atafunguliwa ombi jingine: mtoto wa ndugu, chini ya miaka kumi na minane, aliyefiwa na wazazi wote wawili. Njia ipo. Ni ndefu ila ipo.

"Basi andika," nikasema.

"Wewe unaona ni rahisi. Ili aje kwangu, kwanza niandike kwamba si wangu. Niandike yatima, kwa mkono wangu." Akapenga kamasi. "Na si mimi tu. Kijiji kiandike, mwenyekiti agonge muhuri. Na yeye mwenyewe anatakiwa ajue, maana ofisini watamwita wamuulize. Alisikie kwa mgeni?"

Mwisho wa kutuma masahihisho ni katikati ya Julai. Nikashuka kwenye kichuguu. Philipo alikuwa anapita na mbuzi wangu.

"Mama kasemaje?"

"Anakusalimia."


Jumamosi, 24 Mei

Nilimsomea Bibi barua yote, Philipo akiwa uwanja wa mpira. Mjomba naye alikuwepo.

Mjomba alisema kwanza. "Tumtoe Philipo kwenye ombi. Huyu wa kike aende, akishafika atamsaidia mwenzake. Tukate mmoja tuokoe mmoja."

Nilimchukia pale pale. Anakamua mafuta, anatupa mashudu, nikaona na sisi ndivyo anavyotuhesabu.

Bibi alikuwa anachambua kunde. Hakuinua kichwa. "Mtoto aliyewekwa mapajani hasemwi."

"Mama, hao ni wazungu, hawajui mapaja," Mjomba akamwambia.

"Basi wajifunze."

"Hawatajifunza. Watakataa."

"Wakatae," Bibi akasema. "Wakae na Kanada yao."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho kabisa, kimepangwa. Nikachukua ungo nikatoka nje, na nje nikakuta sina kazi ya ungo.


Jumapili, 25 Mei

Nimemkasirikia Bibi. Naona hataki tuondoke, na neno lile la mapaja ni kisingizio tu. Naandika ili nisiliseme.


Alhamisi, 29 Mei

Alizeti imekauka. Upepo umeanza kidogo, asubuhi.


Jumanne, 3 Juni

Tumepiga alizeti siku nzima juu ya turubai. Philipo, ambaye shule yake imefunga, anapiga kwa fimbo mbili kama ngoma. Katikati ya kazi akaanza kujifunza Kiingereza cha ofisini.

"Nisikilize, dada. Mai neimu izi Philipo. Mai maza izi Leah." Akapiga. "Mai maza izi Leah. Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Mbona unasema kama mgonjwa?"

"Vumbi."

"Wakiniuliza Mama ana alama gani mwilini, nitasema ana kovu la moto mkono wa kushoto. Nalikumbuka. Wewe unalikumbuka?"

Mimi silikumbuki. Yeye, aliyekuwa na miaka minne, ndiye analikumbuka.


Ijumaa, 6 Juni

Upepo.


Jumatatu, 9 Juni

Majina ya kidato cha tano yametoka. Nimepangiwa shule ya bweni mkoani Iringa, kuripoti mwanzoni mwa Julai. Mjomba akasema vizuri, nisome wakati Kanada inajadiliana. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Ninachojua ni kwamba nikiondoka kabla neno halijasemwa, hakuna atakayelisema. Mama hawezi, Bibi hataki, Mjomba hajali. Katikati ya Julai itapita juu ya kichwa cha Philipo, na yeye atabaki hapa anavaa masweta mawili.


Alhamisi, 12 Juni

Nimekosea kuhusu Mjomba.

Nilimpelekea chakula mashineni. Hakukuwa na wateja, umeme ulikuwa umekatika. Nilimuuliza swali ambalo nilidhani halina ubaya: baba yake Philipo alifia wapi. Mama aliniambia wanahitaji watu wawili walioshuhudia maziko, waape mahakamani.

Alikula matonge matatu kabla ya kujibu.

"Sekenke. Shimoni, kwenye dhahabu. Manase na mimi tulikuwa kamba moja. Siku ile nilipanda juu kuvuta sigara." Akaosha mikono ingawa ugali ulikuwa haujaisha. "Scola alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi ndiye niliyekuja kumwambia. Tangu siku hiyo sijakanyaga Sekenke na sigara sijashika. Unataka niende mahakamani nikaanze kusimulia?"

"Hapana, Mjomba."

"Hapana nini. Ndicho mnachotaka." Akanisukumia sahani. "Mtoto wa Manase ana mdomo wa Manase vile vile. Akicheka natoka nje. Hujawahi kuona natoka nje?"

Nimewahi kuona, mara nyingi sana. Nilidhani ni dharau.


Ijumaa, 13 Juni

Upepo mkali. Tumepeta gunia nne. Makapi yameingia machoni, na leo hakuna aliyeniuliza kwa nini macho ni mekundu.


Jumanne, 17 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo si langu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Antipasi, bila kutumwa. Njiani nilirudi mara mbili.

Alikuwa nyuma ya nyumba anashona turubai lililochanika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana."

"Basi umekuja kuniangalia nikishona."

Nikakaa. Akashona. Akakata uzi kwa meno. Nikaona akimaliza turubai nitakuwa bado sijasema, nikasema yote kwa mkupuo, nikiangalia sindano. Kanada, kipimo, barua ya kijiji.

"Barua nitaandika," akasema. "Lakini ina neno moja ndani yake."

"Ndiyo."

"Nikiliandika mimi kabla halijasemwa, mbuzi ni wangu. Na mbuzi wangu nimeuza." Akacheka peke yake. "Siku alipowekwa mapajani nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika taa. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wewe umelala hapa." Akagusa goti. "Wakakusogeza ili yule apate nafasi. Ulilia sana."

Sikuwa najua hilo.

"Nani anaruhusiwa kulisema?"

"Mwenye mbuzi. Analisema, analipa, watu wanakula, mtoto anawekwa tena mapajani mbele yao. Basi. Yule mama wa kisimani alipolipa, ulisikia tena mtu akimsema?"

"Hapana. Lakini siku ile Philipo hakuwekwa mapajani."

"Aliwekwa. Bibi yako alimpakata akimlisha maini. Nyie mlidhani anadekezwa."

Nikakumbuka. Nilimwonea wivu siku ile kwa ajili ya yale maini.

"Na sasa atawekwa kwa nani? Mama yuko Kanada."

"Hilo mtajua wenyewe," akasema, akaanza kukunja turubai. "Na miguu yake ilivyo mirefu."


Jumatano, 18 Juni

Nina mbuzi. Mama alitoa hela anunuliwe nilipopata kipaimara. Ana baka jeupe usoni na anaitikia nikimwita.


Jumapili, 22 Juni

Kanisani Philipo aliimba kwa sauti yake mpya inayokatika katikati. Nilimwangalia mdomo. Nilijaribu kuona Manase, nikaona Philipo tu.

Kama nikilisema, ataniuliza nimejua tangu lini. Nitamjibu tangu darasa la tatu, na atapiga hesabu ya kila siku tuliyokaa wote.

Kama nisiposema, mtu mwenye tai huko ofisini atamuuliza mama yako ni nani, na atajibu kwa kile Kiingereza chake, na mwenye tai atageuza karatasi.


Jumatano, 25 Juni

Nimefungua kamba ya mbuzi, nimeifunga tena. Bibi alikuwa anafagia, akaona.


Ijumaa, 27 Juni

Jioni, Philipo akiwa amepeleka gunia mashineni, nilimchukua mbuzi wangu nikamfunga kwenye nguzo mbele ya kigoda cha Bibi.

Bibi alimwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akarudi kwa mbuzi.

"Umeshalisema?"

"Bado."

"Kwa nani utalisema?"

"Kwake mwenyewe. Nani mwingine?"

Upepo ulikuwa unampepea kitenge. Nilikuwa nasubiri anifukuze. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikijiambia kichwani kwangu kwamba hataki tuondoke, na pale nikaona ni kweli, hataki, na si kisingizio, na mtu anaweza kuwa na sababu mbili. Scola alizikwa nyuma ya nyumba hii. Mama alipanda basi hapo barabarani. Sasa sisi.

Akainuka. Akamzunguka mbuzi, akamshika tumbo kwa viganja vyote viwili.

"Huyu ana mimba," akasema. "Faini hailipwi kwa mbuzi mwenye mimba. Nani amekufundisha?"

"Sina mwingine, Bibi."

"Mrudishe zizini. Kachukue beberu wangu, yule mweusi."

Nilibaki nimeshika kamba ya mbuzi wangu.

"Umesikia? Kesho Philipo akirudi kuteka maji, mwambie. Ndani, msiwe mlangoni. Jumapili watu watakuja, na Antipasi aje na kalamu yake. Obadia nitamwambia mwenyewe aende hukohuko mahakamani akalie, kulia si ugonjwa." Akakaa tena kwenye kigoda, kwa shida. "Mimi mapaja yangu hayawezi tena kijana mkubwa vile. Utakaa wewe mahali pa Leah."

"Mimi?"

"Ulimpisha ukiwa na meno manane. Sasa una yote."


Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi nilipanda kwenye kichuguu nikampigia Mama, kwake bado usiku, alikuwa kazini. Nikamwambia: leo. Alisema subiri, nikasikia anafunga mlango wa chumba cha mtu. Halafu akasema, "Mwambie lile kovu la mkono. Nilikuwa namchemshia yeye uji. Mwambie nalo." Nikamwambia nitamwambia. Akasema akitoka zamu ataandika barua yake, na mkono ukikataa atamwomba mshauri aanze, yeye amalizie.

Upepo umetulia, mara ya kwanza mwezi huu. Magunia yamepangwa ukutani. Beberu amefungwa kwenye nguzo, anagonga pembe kwenye mti. Nimeandaa sentensi ya kwanza kwa Kiswahili, nikaiona ngumu, nikaiandaa kwa Kiingereza, nikaona hiyo ni ya mtu mwenye tai. Nimezifuta zote mbili.

Nasikia toroli la maji. Ameliacha uani. Sasa ndala zake, anaburuta mguu wa kulia kama kawaida. Amesimama kwa beberu.

"Dada," anaita. "Kesho kuna sikukuu gani?"

Nimezoea kulikalia daftari. Leo nitaliacha mezani, wazi, na kalamu juu yake. Anakuja. Nimesogeza kiti changu, nimempisha pa kukaa.